Barakoa ya Bibi Sitara

Barakoa ilitoka kashani ikiwa na unyevu kwa ndani.

Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na laiti Arwa angelitilia maanani, leo tusingekuwa na la kusimuliana. Lakini bibi harusi anayeozwa Ijumaa ana akili ya kutilia maanani nini Jumatano? Alipitisha kidole kwenye bitana, akagusa umajimaji wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyeivua dakika hiyohiyo.

"Mama, mbona hii imeloa?"

"Joto la Dar hilo, mwanangu. Hata kuta zinatoka jasho," akajibu Bi Nasreen bila kugeuka. Alikuwa anahangaika na vikombe vya kahawa vya wageni.

Nikisema barakoa, msifikirie zile za korona. Hii ilikuwa ya mabibi wa Kiarabu wa zamani: hariri nyeusi iliyotariziwa nyuzi za dhahabu, ina matundu mawili ya macho na kijiti chembamba kinachosimama juu ya pua. Ukiivaa, uso wote unaondoka. Yanabaki macho, na midomo kidogo.

Bi Nasreen alikuwa mjane, anakaa na binti yake wa pekee ghorofa ya tatu, Mchafukoge, kwenye jengo kuukuu ambalo chini yake wanauza vitenge kwa jumla na mikokoteni inagombana tangu alfajiri. Mali hakuwa nayo ya kutisha. Alichokuwa nacho ni asili, na asili hiyo aliibeba mbele ya watu kama sinia la biriani. Mtaa mzima ulijua kwamba ukoo wao umetokana na Bibi Sitara, aliyeletwa Unguja kutoka Maskati yapata miaka mia mbili iliyopita, akaolewa na bwana mwenye mashamba ya karafuu, na tangu siku aliyoingia nyumba ile mpaka anakufa ajuza, hakuna aliyeuona uso wake. Ushahidi? Nguo zake, zimo kwenye kasha la njumu za shaba: barakoa, kanzu ya hariri, suruali ya marinda, na mitalawanda, vile viatu vya mti vya kutembelea ndani. Kila bibi harusi wa ukoo huzivaa saa moja tu, kati ya adhuhuri na alasiri, ili wakwe waje wamtazame waone wanachukua mtu wa aina gani. Na kila mwaka, mwezi wa Maulidi, Bi Nasreen hulifungua kasha, akatia kipande cha hariri mpya na kichupa cha marashi, akasema, "Haya, bibi, haki yako hiyo," akalifunga.

Arwa mwenyewe mambo ya asili yalikuwa yanampita. Yeye alikuwa na fremu yake Kariakoo, Mtaa wa Kongo, anauza madera na mabaibui, na kila jioni anasimama mbele ya simu anawatangazia wateja wa mikoani mpaka sauti inakauka. Mdomo wake ndio uliokuwa mtaji wake. Hata Ammar, huyo mchumba, alimpendea mdomo: siku ya kwanza alikwenda kumnunulia mama yake baibui moja, akaondoka na matatu, na hajui hata ilikuwaje.

Sasa mtu wa vitambaa hawezi kushika nguo asiikague. Arwa alipoivaa ile kanzu akageuza pindo.

"Mama, si mnasema Bibi Sitara alikuwa mrefu kama mnara? Mbona hii imepunguzwa shibiri nzima? Na aliyepunguza siye aliyeshona, uzi wenyewe wa katani."

"Alizeeka akafupika."

"Na mitalawanda hii? Mtu kaivaa umri mzima halafu chini haina hata mkwaruzo?"

"Arwa! Mama yake Ammar yuko njiani, wewe unanifanyia uchunguzi wa polisi. Vaa!"

Akavaa. Mama akaivuta kamba ya barakoa kisogoni, na kamba ikakatika puu. Palepale zikasikika sauti za wanawake ngazini, wanacheka, wanahema, mmoja anauliza jengo gani hili lisilo na lifti. Bi Nasreen akashika sindano.

Kuna mwiko ambao kila aliyelelewa pwani anaujua: nguo haishonwi ikiwa mwilini. Ukiona huna budi, basi anayeshonwa ang'ate uzi, asije akashonwa yeye. Arwa akaukumbuka. "Mama, subiri kwanza, nipe uzi ning'ate. Au niivue."

"Hatuna muda. Tulia."

Akashona kamba juu ya kichwa cha binti yake, mishono ya harakaharaka, akakata uzi kwa meno. Arwa akahisi kitambaa kikimkalia usoni vizuri kabisa, vizuri kuliko inavyotakiwa.

Wageni wakaingia na manukato yao. Mbele alikuwa Bi Najma, mama yake Ammar, mwanamke mnene mwenye macho yanayohesabu mpaka nyufa za ukuta. Alipomwona Arwa ameketi kwenye kiti cha enzi cha mninga, akaweka mkono kifuani. "Mashaallah! Nasreen, huyu ndiye Bibi Sitara kafufuka!"

Arwa akataka kusema karibuni. Alifungua midomo. Na ndani ya barakoa, baina ya kitambaa na ngozi yake, pahali ambapo hata unywele hauna nafasi, mtu akamnong'oneza:

"Nyamaza. Wageni wapo."

Sauti yake ikakauka palepale. Wageni wakanywa kahawa, wakala kashata, wakaisifu ile heshima, maana hivi sasa wapi utampata bibi harusi wa Dar anayekaa kimya namna hii? Bi Nasreen akapokea sifa, akawasindikiza mpaka chini.

Aliporudi, alimkuta Arwa kasimama katikati ya chumba, mikono yote miwili iko kisogoni.

"Mama, haitoki."

"Haitoki nini?"

"Haitoki!"

Bi Nasreen akacheka, akachukua mkasi, akaukata ule uzi aliouweka mwenyewe. Uzi ukakatika. Kamba ikaning'inia. Barakoa haikutikisika. Akaingiza ukucha pembeni ya shavu atafute mahali pa kubandulia, hakupaona. Hariri ilikuwa imeshikana na ngozi kama ganda na embe bichi. Sasa hakucheka tena. Akapeleka ncha ya mkasi kwenye pindo la juu, karibu na paji la uso, akakata kidogo tu, na Arwa akapiga ukelele uliowafanya wauza vitenge kule chini wazime redio. Damu ikachuruzika katika nyuzi za dhahabu. Pale palipochanika, chini ya hariri, kikachungulia kitambaa kingine, kizito, cheusi chenye ubuluu. Bi Nasreen akakitazama. Akauweka mkasi chini polepole.

"Usipige kelele, mwanangu," akanong'ona. "Watu watasikia."

Sasa angalieni mila zetu zinavyoweza kumfungia mtu. Bibi harusi huwekwa ndani. Haonekani, haulizwi, hatoki hata kwenda dukani. Mtu mwingine angekaa na jambo kama hili siku nzima majirani wangegonga mlango. Arwa hakuna aliyegonga. Waliopita walisikia yuko ndani, wakasema ndivyo inavyotakiwa. Mama akafunga madirisha, akashusha mapazia.

Magharibi ilipoingia umeme ukakatika. Arwa alikuwa kitandani, simu mkononi, anajaribu kumwandikia Ammar, na vidole vinakataa. Akasikia harufu. Kwanza alidhani ni udi wa mama. Lakini haikuwa udi, ilikuwa harufu ya rangi ya nili iliyolowa ikaoza, na chini yake jasho, na moshi wa kuni, katika nyumba inayopikia gesi. Kisha akasikia nyayo tupu zikikanyaga sakafuni, tap, tap, zinatoka jikoni zinakuja ukumbini, zinapita mlangoni kwake zinarudi jikoni, mwendo wa mtu aliyebeba kitu kizito na hana ruhusa ya kusimama, na akataka kumwita mama lakini midomo haikufunguka, akataka kuinuka akakuta ameshainuka, hayuko tena kitandani, amechuchumaa sakafuni gizani, na mikono yake mwenyewe, mikono iliyosuguliwa singo ya harusi ikalainika, inasugua saruji kwa kitambaa kikavu, inasugua na kusugua, na kadiri anavyoiamuru ikome ndivyo inavyoongeza kasi, na ile pumzi ya vuguvugu ndani ya barakoa, ambayo si yake, inavuta anapotoa na inatoa anapovuta.

Umeme uliporudi, simu iliwaka kitandani. Ammar alikuwa ameuliza, Mke wangu mtarajiwa, kimya sana leo, uko salama? Na jibu lilikuwa limeshatumwa.

Niko salama, bwana wangu. Nakusubiri unitoe humu.

Arwa katika maisha yake hajawahi kumwita Ammar bwana wangu.

Alhamisi asubuhi Bi Nasreen alimeza kiburi nusu, akampigia simu Bi Mwanne wa Buguruni. Huyu ni fundi wa pepo, mwanamke mwembamba wa makamo mwenye kicheko cha haraka, ambaye familia za maghorofani humwita wakitaka kisha hujifanya hazimjui zikikutana naye sokoni. Alipanda ngazi na chetezo chake kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Bi Mwanne," Bi Nasreen akasema mlangoni kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Usininong'oneze, mama, mie sijaja kuiba." Akaingia, akamtazama Arwa, na kicheko chake kikazimika. "Subhanallah. Tangu lini?"

"Tangu jana alasiri. Ni Bibi Sitara. Naona ameudhika. Niambie anataka nini nimpe: hariri, halua, marashi..."

"Ngoja. Usimpangie."

Akawasha makaa, akatia ubani, akamfunika Arwa shuka pamoja na chetezo. Moshi ukajaa. Arwa akakohoa, machozi yakamtoka, kisha kikohozi kikakatika katikati na kifua chake kikatulia kabisa.

"Nani umo?" akauliza Bi Mwanne.

Midomo ya Arwa ikajibu, kwa sauti kavu ya mwanamke wa zamani, "Wananiita Sitara."

"Wanakuita. Wewe ndiye?"

Kikatoka kicheko.

"Tazameni nguo. Nguo si zinasema? Kanzu imepunguzwa kwa sababu haikukatwa kwa kimo changu. Mitalawanda mipya kwa sababu miguu yangu haikuzaliwa kuvaa viatu. Mjakazi anavaa viatu? Anafunika kichwa? Sitara aliletwa na mali yake, na mashamba ni ya Sitara. Alikufa kwa ndui hata mwezi haujaandama. Bwana akajua ndugu wa Sitara wakipata habari watachukua kilicho chao. Akamzika usiku chini ya jiko. Akaniita mimi niliyekuwa nasugua sakafu, akanivua kaniki yangu, akanivika nguo za maiti zingali na joto. Ndugu walipokuja kumsalimu dada yao walimkuta ameketi, kafunikwa uso. Nilitaka kusema. Bwana kasimama nyuma yangu, akaniambia, 'Nyamaza. Wageni wapo.' Nikanyamaza mpaka nikafa. Nilimzalia watoto, wakaniita mama Sitara. Hakuna hata mmoja aliyelijua jina langu."

Ndani ya shuka, Arwa alikuwa anasikia yote, kwa mdomo wake mwenyewe, na akaelewa kile kitambaa cheusi kilichochungulia jana. Wajakazi wa zama zile walivaa kaniki, nguo nzito iliyotiwa nili. Yule mwanamke alikichana kipande cha nguo yake, akakishona kwa ndani kiwe bitana ya barakoa, ili angalau kinachomgusa uso kiwe chake.

"Wewe ni roho yake?" Bi Mwanne akauliza, upole sasa.

"Roho imekwenda kwa Mola wake. Mie karini wake. Nilizaliwa naye, nikafungwa naye."

Bi Mwanne akamgeukia mama. "Umesikia? Kila mtu huzaliwa na jini wake wa kutembea naye, na mwenyewe akifa karini hubaki. Huyu amebaki humo. Na nyinyi kila mwaka mnamletea hariri na marashi ya yule aliyefunikwa nguo zake! Pepo ukimpa nguo isiyo yake unamtukana, mama. Mmemtukana miaka mia mbili." Akarudi kwenye shuka. "Sema unachotaka."

"Nguo yangu. Na nitajwe. Mbele za wageni, kwa sababu mbele za wageni ndipo niliponyamazishwa. Anitaje huyu aliyekwisha kunivaa." Mkono wa Arwa ukatoka chini ya shuka ukamwashiria Bi Nasreen. "Alinisikia siku yake. Mwulizeni."

Bi Nasreen akainama. "Nilisikia," akasema kwa shida. "Nilidhani ni hofu ya harusi. Nilinyamaza, na yeye akanyamaza."

"Sogea nikupe jina."

Bi Nasreen akasogeza sikio. Arwa akahisi midomo yake ikicheza, ulimi wake ukigusa meno, lakini jina lenyewe hakulisikia. Alimwona tu mama yake akilipokea, uso ukimbadilika, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzie.

"Kabla ya nikaha," Bi Mwanne akasisitiza wakati anazima makaa. "Leo alasiri wakwe wanakuja kwa hina, sivyo? Hapohapo. Unaingia na kaniki, unaiweka mabegani mwako, unasema, bibi yetu alikuwa mjakazi, jina lake fulani. Basi. Ndoa hufungwa kwa jina, mama. Jina likiwa la kuazima, atakayeolewa kesho atakuwa mwingine."

Bi Nasreen akateremka mwenyewe Kariakoo. Kaniki bado inauzwa, wanunuzi wake wanajulikana, na muuzaji huwa haulizi. Alirudi na mfuko mweusi, akaketi kando ya binti yake ukumbini. Walikuwa wawili tu. Bi Mwanne alikuwa ameombwa akae jikoni, kwa sababu, mnajua tena, wageni wa heshima wanakuja.

Sauti ya Arwa ilikuwa imerudi kidogo, imefifia, inatoka kwa shida kama maji ya mfereji wa mgao. "Mama, utasema?"

"Nitasema."

"Ammar hawezi kuniacha kwa ajili ya mtu aliyekufa miaka mia mbili."

"Ammar hawezi. Mama yake je?" Bi Nasreen akajifuta pua. "Hujui, Arwa. Hujui mimi mtaa huu nimeishi kwa nini. Baba yako alipokufa hatukuwa na hata sahani nzima, lakini hakuna aliyenipita bila kunisalimu. Kwa nini? Kwa hilo kasha."

"Mama. Siwezi kupumua."

"Nitasema, mwanangu. Wallahi nitasema."

Na mimi naamini alikusudia. Mtu humwapia mwanawe na moyo wake wote upo pale. Tatizo la kiapo ni kwamba huapwa chumbani, na hutimizwa ukumbini.

Wanawake wakaja wengi, ngazi nzima ikanukia asumini. Fundi wa hina akajipanga na sahani zake. Arwa akaketishwa kitini, na barakoa usoni, na wageni wakashangilia kwamba loo, ameivaa tena! Matari yakaanza. Yeye aliona watu kupitia matundu mawili ambayo yalikuwa yanazidi kuwa madogo, au macho ndiyo yaliyokuwa yanarudi nyuma, hakujua, lakini kila tari lilipolia alihisi uso wake mwenyewe ukimteleza na kwenda mbele huku yeye akibaki nyuma, ndani, pale penye bitana, pale penye unyevu, na harufu ya nili ikampanda mpaka kooni, na akatafuta mkono wake ili auinue, akauona uko pajani, mbali, hausikii, na macho yake yakamtafuta mama, mama peke yake, mama yuko wapi.

Bi Nasreen akatokea mlangoni na kaniki mikononi.

Matari yakafifia. Bi Najma akaitazama ile nguo, akamtazama mwenye nyumba. "Nasreen! Kaniki ya nini tena mkesha wa harusi? Au kuna mganga humo jikoni?" Wanawake wakaangua kicheko.

Bi Nasreen akafungua kinywa. Arwa aliliona lile jina limefika mpaka kwenye midomo. Sema, mama. Akamwona akiangaza nyuso zile zote moja baada ya moja, dhahabu masikioni, macho yanayosubiri. Sema, mama, sema, sema.

"Ya kufutia vumbi," akasema Bi Nasreen, akacheka pia. "Kasha la bibi lina vumbi jamani, la miaka mia mbili!"

Akainama, akaifuta njumu ya kasha kwa ile kaniki.

Barakoa ikadondoka.

Vigelegele vilipasua dari. Arwa akahisi wepesi, raha ya kuvuliwa mzigo, akasema moyoni alhamdulillahi, nimetoka. Kisha akashangaa mbona anaona miguu ya watu. Mkeka uko karibu hivi, masinia yako juu. Akatazama juu zaidi, akamwona bibi harusi ameketi kitini, uso wazi, mzuri, na kidonda kidogo juu ya paji pale mkasi ulipopita. Uso ule ulikuwa wake. Ulimtazama kule chini sakafuni muda mfupi tu, bila chuki, namna mtu anavyotazama jengo alilofungwa siku anayotoka.

"Karibuni, mama zangu," bibi harusi akasema kwa sauti ileile ya Mtaa wa Kongo. "Karibuni sana. Mie nina mengi ya kusema."

Akateremka kitini. Viatu vya dhahabu vilivyowekwa miguuni mwake akavisukuma kando, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu. Kisha akachukua ushungi wa hariri akaufunika kichwani kwa mikono miwili, taratibu, akaurekebisha, akaukunja tena, akaushika huku na huku kama mtu aliyeutamani siku nyingi akanyimwa. Wageni wakasema mtoto ana adabu. Bi Mwanne, aliyekuwa amechungulia kutoka jikoni, alimtazama mara moja, akasema, "Inna lillahi," akakusanya chetezo chake akashuka ngazi bila kuomba haki yake.

Mtu akaiokota barakoa, akaikung'uta, akaikunja katika kipande cha hariri. Kasha likafungwa.

Ndani ni giza, na kuna karafuu maiti, na marashi ya miaka mingi yaliyochacha. Arwa alipiga kelele mpaka akajua kelele hazina pa kutokea. Alisikia Ijumaa ikipita juu yake: hodi za watu, wali ukipakuliwa, khutuba ya nikaha kutoka kwenye simu ya mtu, jina lake likitajwa, Arwa, Arwa binti fulani, na sauti yake ikijibu kwamba ameridhia. Alisikia kicheko cha Ammar. Alimwita. Ammar alikuwa anauliza soda.

Baadaye nyumba ikapungua watu, na nyayo anazozijua zikaja zikasimama mbele ya kasha. Ufunguo ukaingia. Mwanga ukamwangukia, na juu ya mwanga huo uso wa mama yake, wanja umemchuruzika.

Bi Nasreen aliifunua hariri. Akapitisha kidole kwenye bitana, akakuta imeloa, vuguvugu.

"Mama," Arwa akasema. "Mama, ni mimi. Litaje jina lake. Bado unalijua, wewe peke yako. Waite warudi, useme."

Na mama akamsikia. Msidanganyike kwamba hakumsikia. Machozi yalimtoka matone mazito yakaanguka juu ya dhahabu, na midomo yake ikaanza kulitamka lile jina, herufi ya kwanza kabisa. Ukumbini mtu akaita, "Nasreen! Bi Nasreen, gari limekuja, bibi harusi anaondoka! Uko wapi?"

Bi Nasreen akalimeza lile jina. Akaibusu barakoa pale penye mchaniko, akaifunika vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anavyomfunika mtoto asipigwe na baridi.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Wageni wapo."

Kisha akageuza ufunguo.